Keki Iliyoingia Kwenye Kitabu cha Meli

Jumatatu, 4 Februari 1946

Norfolk. Baridi ya kukata masikio, lakini moyo wangu mweupe! Ijumaa nakabidhi taipureta, navua sare, napanda treni kwenda Iowa. Meli yetu Amberly nayo inastaafu. Nahodha kaniita: Washington wanataka historia yake, kurasa mbili, kabla hatujashusha bendera.

Kazi ya kunywea kahawa hiyo. Tulipakia vifaru, risasi na mashua za kushushia askari. Tukawashusha kwenye visiwa vitatu. Tukarudisha watu kwao. Basi!

Jumanne, 5 Februari

Nahodha kasoma rasimu, kafurahi. Huyu ni mgeni, alikuja vita vikiwa vimekwisha. Kapigia mstari sentensi ya mwisho: "Haikupoteza mtu hata mmoja." Eti hilo ndilo taji la meli.

Nikasema ndiyo, afande. Nikachukua rasimu, nikatoka haraka.

Jumatano, 6 Februari

Leo nimecheka hadi mbavu zikauma. Nimefukua kitabu cha meli cha mwaka jana. Ukurasa wa kwanza wa mwaka huandikwa kwa mashairi, ndiyo desturi, na ofisa wa zamu alimwachia Lemuel Pruitt, nahodha wa mashua namba saba:

*Nanga yetu ya kushoto, imezama matopeni,*
*Keki imeshika moto, twaila tu, tufanyeni!*

Nikampelekea Oakes, mpishi. Kafura! "We karani, mwaka mzima umepita bado mnanisimanga? Jiko lilikuwa bovu!" Kisha akaniuliza, taratibu, kama nimeshamjibu mama yake Lem.

Sijamjibu. Barua iko kwenye droo tangu Novemba.

Alhamisi, 7 Februari

Niseme hapa, maana sijamwambia mtu.

Aprili mwaka jana, Okinawa. Meli jirani ilikuwa na upungufu wa mashua, ikaazima kwetu Lem na namba saba yake kwa siku moja. Fomu za kuazima zilikuwa zimeniishia. Nikachukua fomu ya uhamisho, nikapiga chapa, nikatia sahihi yangu, nikasema moyoni: akirudi jioni naichana. Lem akanikonyeza. "Nitunzie chakula, Verlin. Kisiwe keki tu!"

Hakurudi. Mashua haikurudi. Na fomu sikuichana.

Kwa hiyo kwenye karatasi zetu Lem si mtu wetu, alihamishwa. Ile meli nyingine inasema haikumpokea mtu wa jina hilo. Mama yake kaandika kote, kajibiwa hivyo kote. Barua yake kwetu ina swali moja: "Mwanangu alikuwa wa meli gani?"

Taji la meli ni uzembe wangu! Nimekula kuku wa Oakes leo, mtamu kweli, nikashindwa kumaliza.

Ijumaa, 8 Februari

Asubuhi. Begi limefungwa. Viatu vinang'aa. Oakes kanipa sandwichi tatu za njiani, kaniita profesa.

Nikamwambia yote. Akafuta mikono. Akasema nikifungua hilo leo, treni nitaisikia tu. Watanishikilia hapa wiki, pengine mwezi, hadi karatasi zinyooke. Pengine na cheo kiende.

Nikasema najua.

"Sasa unangoja nini? Hizo sandwichi zirudishe, utakula mezani kama watu."

Ajabu, nilijisikia mwepesi. Nimeandika upya sentensi ya mwisho: "Ilipoteza mtu mmoja, Lemuel Pruitt, nahodha wa mashua namba saba." Nimebana karatasi tatu nyuma ya historia, kwa mpango: shairi juu, fomu yangu katikati, barua ya mama chini. Nilitaka nahodha amjue Lem kwanza kabla ya kujua nilivyomfuta.

Saa nne kasorobo. Naandika haya nimesimama nje ya mlango wake, daftari limeegemea ukuta. Kasema ningoje hapo hapo. Nasikia karatasi zikifunuliwa. Treni ni saa tano.

Anacheka! Kafika kwenye keki. Anacheka kwa sauti, anapiga meza — Lem angemfurahia huyu.

Sasa kafunua karatasi ya pili. Kiti kimesogea. "Karani," ananiita, "hii sahihi kwenye fomu ni ya nani?"