Mabeki Watano wa Nyumba Moja

Jumapili, 2 Novemba

Mazoezi yamemalizika na adhana ya Magharibi. Idris kaumia tena nyama za paja, mguu uleule. Nimemfunga barafu na kumrudisha bwenini.

Nimefika nyumbani Darsait nimechoka hoi, na Zuwena wangu kafungua mlango kabla sijagonga. Kaijua sauti ya viatu vyangu ngazini. Mwezi wa pili huu tangu nimuoe na moyo bado unanidunda kama siku ile ya nikahi. Kazifukiza udi fulana zote za mazoezi bila ya kuniambia. Vijana walinicheka leo, eti timu nzima inanukia kama bwana harusi. Wacheke. Hawajui mtu anavyojisikia akipendwa.

Kocha Munir wa timu ya chuo kaniagiza mimi, msaidizi wake, tathmini ya mabeki. Hii hapa, kwanza kwangu mwenyewe:

Katikati Khalfan, nahodha, kaka yake Zuwena. Pembeni yake Sultan. Kushoto Hemed. Kulia Mundhir. Akiba ni Badar, anacheza popote umwekapo. Ukimtoa Khalfan, hao wanne ni watoto wa ami zake Zuwena. Idris, akipona. Haitham ana kadi nyekundu, mechi ijayo hayumo.

Ukuta mzima ni mashemeji zangu. Wamecheza pamoja uani kwa bibi yao tangu hawajajua kuvaa viatu. Khalfan hana haja ya kuita, akigeuza shingo tu Sultan kashajua. Hicho ndicho kitu pekee kizuri tulicho nacho. Mbele hatuna mtu. Kati tuna mbio tu. Tuko mkiani, na Jumatatu ya tarehe 10 ni mechi ya mwisho. Sare inatutosha. Tukifungwa tunashuka daraja, na chuo kimeshasema timu ikishuka kinaifunga.

Mimi nimeishia sekondari. Mchana niko ghalani Rusayl napanga maboksi. Lango la chuo nimelipita kwa sababu ya mpira tu. Wakiifunga timu sina sababu nyingine ya kulipita.

Jumanne, 4 Novemba

Kazi, mazoezi, kisha kwa Bibi Shinuna. Kifua kinambana tangu wiki iliyopita. Kajikongoja kukaa alipotuona. Zuwena akamsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu, nami nimekaa pembeni namtazama mke wangu anavyomshika bibi yake, nikawaza mtu huyu kaniangukia mimi kwa bahati gani.

Bibi kaniuliza kama nimemla samaki aliyetuletea. Nikasema nimemla.

"We bwana mpira," kasema, "nna macho bado. Mjukuu wangu kakonda. Mke si mpira, usimpige teke."

Zuwena kacheka mpaka kajifunika na mtandio. Bibi naye kacheka, halafu kikohozi kikamshika na hakikumwachia upesi.

Mazoezini mambo mabaya. Idris hakimbii. Washambuliaji wetu hawakuupitisha mpira hata mmoja mbele ya Khalfan, na hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo usajili umefungwa. Nimefanya uamuzi na naamini ni sahihi. Nauandika kwa sababu Munir hakuupenda.

Kuna wanafunzi wawili wapya kutoka Sur. Warefu, wagumu, wanaruka vizuri. Munir, Mtunisia anayeamini kwamba kila kitu kitaharibika, alitaka kuwasajili wote wawili kuwa mabeki. Nikamwambia mabeki wazima ninao watano kwa nafasi nne, na wanaelewana kwa kupumua tu. Mgeni atauvunja ukuta.

"Watano ni wachache," kasema.

"Watano hawa ni kama kumi."

Kaniangalia. Kisha kasema mabeki ni wangu mimi, nafasi zikaenda kwa mawinga.

Sababu ni hiyo niliyoiandika. Ipo na nyingine. Nikimsajili yule mrefu, Hemed anakaa benchi. Na Ijumaa nakula kwa mama mkwe, na mama yake Hemed ndiye anayepakua.

Ijumaa, 7 Novemba

Mchana kwa mama mkwe, jioni ufukweni Yiti, mimi na yeye tu. Samaki wa kuchoma, chumvi, ndimu. Zuwena kavua viatu akatembea majini mpaka pindo la abaya likarowa, halafu kanilaumu mimi. Furaha kama hii sikujua ipo. Sikuwaza mabeki hata mara moja. Uongo. Mara moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Bibi Shinuna kafariki alfajiri. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun.

Tumemzika kabla ya Adhuhuri. Khalfan na Sultan wameingia kaburini kumpokea. Zuwena yuko kwao na wanawake, nimemwona mara moja tu kwa mbali mlangoni, macho yamevimba. Sikuweza kumshika.

Nimerudi peke yangu. Nyumba kimya.

Nimekuja kutambua nilipokuwa nanawa udongo mikononi. Jumatatu, siku ya mechi, ni siku ya tatu ya msiba, na wafiwa hawatoki.

Jumapili, 9 Novemba

Naiandika tathmini upya. Katikati hakuna. Kushoto hakuna. Kulia hakuna. Akiba hakuna.

Niliwahesabu kwa miguu. Nani ana goti, nani ana paja, nani ana kadi. Sikuwahesabu kwa nyumba. Watano wana bibi mmoja. Mtu yeyote wa hapa angeliona hilo, na mimi niliyeoa humohumo ndani sikuliona.

Baada ya Alasiri nimekwenda sabla, ukumbi wa mtaa ambamo wanaume wanapokea rambirambi. Nikaingia nikawakuta wamesimama mstari mmoja mlangoni, kanzu nyeupe, vilemba, wakipeana mikono na kila anayeingia. Khalfan, Sultan, Hemed, Mundhir, na Badar na birika la kahawa. Safu yangu nzima ya ulinzi, imepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuipanga mimi. Nilitaka kulia na haikuwa kwa ajili ya marehemu. Aibu.

Munir kanipigia mara nyingi. Nikatoka nje nikapokea. Kaomba ligi isogeze mechi, wamekataa. Kasema wewe ni mtu wao, waombe. Wawili. Hata mmoja. Nikamwambia haiombeki. Kasema basi kesho nampanga kipa wa akiba kuwa beki wa kulia. Hakuwa anatania.

Nikamfuata Khalfan nyuma, anasuuza vikombe. Hata hivyo nikamwomba acheze.

Hakukasirika. Kaendelea kusuuza.

"Shemeji, unaniomba kama kocha au kama mume wa dada yangu?"

"Kama kocha."

"Basi umekuja mahali sipo. Hapa mimi ni mtoto wa Mzee Seif."

Nilipaswa kuondoka hapo. Sikuondoka. Nikamwambia chuo kitaifunga timu, nikamwambia na yeye ni mwaka wake wa mwisho. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Nimemwona anataka kucheza. Ndilo baya zaidi, kwamba nilimwona anataka na nikaendelea kusema.

Baada ya Isha Zuwena kapiga simu. Mama yake kaambiwa, na akiambiwa mama wameambiwa wote.

"Bibi yangu ana siku ya pili ardhini," kasema, "na wewe unahesabu mabeki."

Kakata. Nimepiga, hapokei. Hajawahi kunikatia simu. Nimekaa upande wake wa kitanda. Nimeiharibu ndoa yangu kwa ajili ya sare.

Jumatatu, 10 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, nikiweza.

Nimeomba ruhusa ghalani. Adhuhuri nikakutana na Munir uwanjani. Kikosi chenyewe: kipa wa akiba kulia, kiungo mmoja kushoto, Idris katikati na bandeji mpaka nyongani. Nafasi ya nne tupu. Munir kaacha mstari mweupe ubaoni, kasema labda Mungu ataleta mtu. Nikamwambia napita sabla mara moja, nipeane mikono na wazee, kisha nakuja. Nilikuwa nimevaa kanzu, na suti ya michezo nimeiacha garini.

Mzee Seif alikuwa kakaa juu ya busati, na Khalfan kapiga magoti mbele yake, wanaongea. Kaniita. Nikajua nafukuzwa.

"Khalfan kanieleza," kasema. Sauti yake ya kawaida, ya kuulizia bei ya samaki. "Unamtaka."

Nikasema naam.

"Mmoja. Wanne wanabaki. Mama yangu hawezi kubaki na mlango mtupu, kuna watu wanatoka Nizwa, wanatoka Dubai. Sasa pale anapotoka Khalfan panabaki pengo, na pengo nnalijua la kuziba. Simama wewe."

"Na mechi, baba?"

"Mechi anakwenda Khalfan. Si Khalfan uliyemtaka?"

Ami mmoja akakohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mzee Seif hakucheka. Hakuwa ananiadhibu pia, nimelifikiria hilo siku nzima. Alikuwa anapanga watu wake.

Khalfan katoka mbio. Nimempa ufunguo wa gari langu.

Nikasimama kati ya Mzee Seif na Sultan. Kila anayeingia na rambirambi yake: adhama Allahu ajrakum, mkono, adhama Allahu ajrakum, mkono. Watu hawanijui, wananishika mkono kwa mikono miwili na kuniombea kwa ajili ya bibi yangu. Najibu. Simu inatikisika mfukoni. Siwezi kuitoa. Inanyamaza, inatikisika. Sultan naye anaisikia. Kila ikitikisika anaguna kidogo, mchezo wake na wangu unachezwa na sisi tumesimama hapa kama nguzo.

Nilijua kila kitu kinachoendelea kule bila ya kukiona. Nilijua Idris atachoka kipindi cha pili. Nilijua yule kipa atasahau kwamba hana ruhusa ya mikono, na akikumbuka ataogopa, na akiogopa atarudi nyuma kupita wenzake. Ningekuwa mstarini ningemwita. Hatua mbili mbele, hivyo tu. Mtu wa kumwita hakuwepo. Mimi nilikuwa hapa namwambia mzee mmoja kipofu Allah amlipe kheri kwa kuja kwake.

Yule mzee hakuuachia mkono wangu. Kaniuliza mimi ni yupi katika wajukuu. Nikasema mimi ni mume wa Zuwena. Kasema Shinuna alimsimulia juu yangu, kwamba mjukuu wake kaolewa na mtu anayecheka naye. Hapo nikalia. Mwishowe nimelia kwa ajili yake, mbele ya watu, na simu inatikisika.

Baada ya Magharibi Khalfan karudi. Kavaa kanzu juu ya jezi, soksi zimejaa vumbi chini ya pindo. Kasimama pembeni yangu, kachukua birika kwa Badar. Sikumwuliza. Kamimina vikombe viwili kwanza.

"Tumefungwa moja, shemeji. Mwishoni kabisa. Kulia."

"Alirudi nyuma?"

"Alirudi nyuma."

Kampelekea mgeni kahawa.

Jumanne, 11 Novemba

Rusayl. Nimepanga maboksi. Munir hakunilaumu, kaandika tu, Allah awape subira. Ingekuwa bora anitukane. Wale vijana wawili wa Sur walikaa jukwaani wakatazama mechi yote, kasema. Walivaa viatu vya mpira.

Zuwena bado kwao. Siandiki zaidi.

Alhamisi, 13 Novemba

Barua haikuwepo, wametuita tu ofisini. Timu imefungwa. Yule bwana alikuwa mpole. Kasema vijana wanaweza kutumia chumba cha mazoezi. Munir anarudi Sfax mwisho wa muhula. Kaniuliza nikipewa tena mabeki nitawahesabu vipi. Nikacheka, kisha nikaenda kuhesabu mipira.

Nimerudisha mipira, koni na fulana. Mlinzi wa lango kaniambia kesho inshallah, kama kila siku. Nikasema inshallah.

Nina huzuni ambayo sijui nimweleze nani. Ninayemweleza kila kitu ndiye niliyemuudhi.

Ijumaa, 14 Novemba

Zuwena karudi. Kaka yake kamleta na mkoba wake. Khalfan hakupanda, kapiga honi chini na kupunga mkono.

Kaweka maji jikoni. Nikasimama mlangoni kama mgeni. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu Jumapili, ya mapenzi, ya majuto, naye akanitangulia.

"Baba kasema ulisimama mpaka mwisho," kasema, mgongo kanipa.

Nikasema ndiyo.

"Mimi sijakusamehe. Lakini nimechoka kulala kwa mama."

Kanimiminia chai. Katia sukari vijiko viwili, anajua ninavyopenda. Sikumgusa. Nimekaa namtazama anakunywa yake. Nampenda mpaka inauma, na leo hilo halitengenezi kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Kazini salama. Nimerudi moja kwa moja, njia imenyooka na foleni hakuna saa hizo, sikujua.

Alasiri ilipofika nimevaa viatu vya mazoezi, nimefunga kamba moja, kisha nikakumbuka. Nimekaa hivyo kitandani. Zuwena kapita na nguo alizoanua, kaniona. Kaweka beseni chini. Kapiga magoti akaifungua ile kamba, pole pole, akanivua na cha pili, akaviweka chini ya kitanda.

Halafu kanipa upande mmoja wa shuka tuikunje pamoja.