Goti la Mama Limekubali

Jumamosi. Kijiji chetu cha Kianjokoma kimeamka na ukungu, na baridi ya kumfanya mtu asitake kutoa mkono nje ya blanketi. Lakini leo nina furaha.

Jana Mama alitolewa plasta ya mguu iliyomfika pajani. Aliteleza wakati wa mvua akishuka na kikapu cha majani chai, muundi ukavunjika. Daktari alituonyesha picha: mfupa umeunga vizuri. Kisha Mama akauona mguu wenyewe, mwembamba kama wa mtoto, akaufunika upesi kwa leso.

"Huu si mguu wangu," aliniambia jioni. "Umekufa."

Mimi ni mwalimu wa sayansi, basi nikakimbilia maelezo. Misuli isipotumika husinyaa, ikitumika hurudi. Goti hufunguka na kujifunga kama bawaba ya mlango, na ute ulio ndani hulainisha ncha za mifupa. Misuli haijui kusukuma, inajua kuvuta tu: ile ya mbele ya paja huvuta goti linyooke, ya nyuma hulivuta likunjike.

Alinisikiliza kwa adabu. Hakusogeza hata kidole.

Asubuhi hii Baba aliingia na beseni la maji ya vuguvugu. Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akimshika Mama mkono mbele ya watu. Akamkanda mguu taratibu, kisha akapiga magoti sakafuni, akauweka wayo wa Mama kiganjani mwake.

"Mama Njeru," akamwita kwa jina langu, "nisukume."

"Utaanguka, mzee."

"Niangushe basi. Si umetaka kufanya hivyo tangu tuoane?"

Mama akacheka. Akiwa bado anacheka, akasukuma. Nikaona msuli wa paja ukikaza chini ya ngozi, ukivuta, na goti likanyooka. Alipolegeza likakunjika, kidogo tu. Machozi ya uchungu yalimtoka.

"Tena," akasema.

Saa sita alisimama na mkongojo, mkono mwingine begani kwa Baba, akajikokota hadi mlangoni. Akaangalia chai yake iliyokomaa bila kuchumwa, akatugombeza sote wawili.

Sijawahi kufurahia kugombezwa namna hii.

Sasa nawasikia sebuleni wakibishana nani atachoka kwanza. Nami najiuliza: siku mguu wangu ukikataa, nani atapiga magoti aushike?