Chembe Zinazosema Gizani

Jumatano, 4 Juni 1975
Zaburi ya jioni nimeitamka kwa kukariri tena. Kitabu kilikuwa wazi mkononi, lakini jua likizama herufi hunitoka. Hakuna aliyegundua. Nyumba za kijiji hiki kipya zimepangwa mistari, zote sawa, nami huzihesabu kwa fimbo nikirudi. Ya sita ni ya mwanangu Chacha. Ya saba ni yangu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekosea hesabu. Niliingia, nikavua kofia, nikaketi. Kisha nikasikia mtu akivuta pumzi kwa hofu. Nilikuwa ndani ya nyumba ya Bhoke, mke wa Chacha. Kwetu Wakurya baba mkwe hakanyagi humo hata akinyeshewa mvua ya mawe. Alitoka mbio. Naona aibu hata kusali.

Jumapili, 8 Juni
Chacha hakunisalimu. Chakula kimeletwa na jirani. Nje ya kanisa mzee mwenzangu alisema, akihakikisha nasikia, "Mzee wa kanisa naye siku hizi anaonja." Sijagusa pombe tangu nibatizwe. Ningeweza kusema kweli: jioni sioni. Lakini asiyeona hapewi kusoma, na tangu mke wangu Robi afariki, kusoma ndiko kulikobaki. Nimenyamaza. Ni kiburi. Nakijua kwa jina lake.

Jumanne, 17 Juni
Hospitali ya misheni. Daktari aliyachungulia macho yangu kwa kitochi, muda mrefu. Akaeleza kwa subira. Nyuma ya jicho pana utando, na ndani yake chembe hai zinazohisi mwanga. Nilidhani nuru ndiyo huziamsha zikasema. Sivyo.
"Gizani ndipo zinapomwagia chembe jirani kemikali yao kwa wingi, mzee. Mwanga ukizigusa, hupunguza. Kule kupunguza ndiko habari yenyewe."
Zangu za mwanga hafifu zinakufa. Dawa hakuna. Za mchana zimesalia, kwa sasa.
Njia nzima nimewaza juu ya zile chembe jirani, zinazongoja habari isiyofika.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya ibada nimewaambia wazee wote, Chacha akiwapo. Aliyenisingizia pombe aliinamisha kichwa. Kusoma kwa jioni amepewa mwingine, kama nilivyojua. Chacha alinifuata hadi uani.
"Tata, kwa nini hukuniambia?"
Tata ni baba kwetu; hakuwa ameniita hivyo tangu ile Ijumaa.

Jumatano, 25 Juni
Nimeketi nyuma kanisani, nikasikiliza mwingine akisoma. Anasoma vizuri. Imeniuma.
Nimerudi peke yangu, giza likiingia. Fimbo ilipoteza hesabu penye nyumba ya nne au ya tano. Nikasimama. Ndipo nikasikia wimbo wa kusagia ulezi, ingawa jiwe halikusaga. Ilikuwa sauti ya Bhoke, ndani ya nyumba yake. Kuzungumza nami hapaswi. Nikaupita wimbo taratibu, nikaupapasa mlango uliofuata. Wangu.
Nilipoufunga, alinyamaza.