Namba Tasa za Darasa la Sita

Morogoro, Jumapili jioni

Shangazi yangu mpenzi,

Hujambo? Na goti, bado linakusumbua ukiinama kupalilia mpunga? Mto umewaachia shamba mwaka huu hapo kijijini Wema? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Najua unataka kurukia mwisho uone kama nimepata kazi. Usiruke, soma polepole.

Ile shule iliniita kwa somo la majaribio. Nifundishe darasa la sita huku mwalimu mkuu amekaa nyuma. Akiridhika naajiriwa, asiporidhika nafunga virago nivuke mpaka nirudi Garsen. Huku hesabu hufundishwa kwa Kiswahili, na mada niliyopewa ni namba tasa. Nilishtuka, Shangazi. Sisi tulizisoma kwa Kiingereza. Tasa nililijua kuwa ni lile neno ambalo mumeo alikurudisha nalo kutoka Wenje, neno ambalo nyumbani kwetu halikutamkwa. Niliona haya kuuliza. Nikafungua kitabu, kumbe ni namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe.

Basi nikataka kujionyesha. Badala ya kuanza na saba, nikawatajia elfu mia moja na tatu, nikasema ni tasa, wajaribu kuigawa. Muda si muda mikono juu: inagawanyika kwa mbili, kwa tano, kwa kumi. Mwalimu mkuu akakunja uso. Kupita kwenye madawati, nusu wameandika 100,003 na nusu 103,000, na kwa jinsi nilivyotamka, wote walikuwa sawa. Nilicheka mpaka nao wakacheka.

Nikaziandika zote mbili ubaoni. Ile 103,000 tukaivunjavunja, zikabaki mbili mbili mbili, tano tano tano, na mia moja na tatu. Nyingine ikagoma. Kwa tatu inabaki moja, kwa saba inabaki moja, kila tulipojaribu kinabaki kitu.

Msichana mmoja akauliza kwa nini inaitwa tasa. Nikasema, "Kwa sababu wanadhani haizai. Lakini tazameni ile tuliyoivunja, imejengwa kwa nini? Kwa tasa tupu. Namba zote baada ya moja zimejengwa kwa hizi."

Sauti ilinikatika. Mwalimu mkuu alidhani ni woga, akanipigia makofi. Naanza wiki ijayo, Shangazi! Nimepata kazi!

Nisalimie kaka yako wa Chara, baba yangu mdogo, umwambie samaki wa huku hawawafikii wa kwake. Nisalimie mama mchungaji aliyeniombea safari. Wabusu wadogo zangu Yona na Danieli, uliowabeba mgongoni mama alipofariki, hata kama sasa wana ndevu na watakimbia.

Na mtu akikuuliza tena sokoni una watoto wangapi, usiangalie chini. Mwambie watatu, na wa kwanza ni mwalimu.

Mwanao,
Rehema