Honi Ambazo Leith Hakuzisikia

S.L.P. 14,
Wandilla Creek,
Victoria.
10 Septemba 2019

Mpendwa Shangazi Isobel,

Shikamoo. Mdogo wangu Leith hatacheza tena. Daktari Quennell alituambia jana asubuhi, mimi na mkewe Maeve tukiwepo. Nimetanguliza hili usije ukalisikia kwa watu. Mwenyewe hajambo: anakula, anatania, anakamua ng'ombe wake. Nawe mgongo unaendeleaje huko Orkney? Baridi imeanza?

Huku mvua imekuwa njema na malisho yamefika magotini.

Unamkumbuka Leith akiwa beki wa mwisho katika ule mpira wetu wa Australia wa mikono na miguu, pua imepinda, vidole viwili havikunjiki. Misimu kumi na tisa, goli hata moja hajafunga. Kazi yake ilikuwa kuruka kati ya miili na kuupiga mpira ngumi, uende popote.

Jumamosi tulicheza nusu fainali. Katika robo ya mwisho ya mchezo ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukameza nguzo za goli, kisha wachezaji. Magari yaliyouzunguka uwanja yaliwasha taa, yakawa kama miezi mingi iliyotua kwenye majani. Nilisimama nyuma ya goli letu, na kwa muda nilisikia pumzi tu na viatu kwenye tope.

Mshambuliaji wao, kijana wa akina Hollis, alikuwa akimchokoza Leith tangu mwanzo.

“Babu, fimbo umeiacha nyumbani?”

“Ninayo. Sogea uione.”

Tukiwa mbele kwa pointi mbili, kijana akapiga. Mpira ukazama kwenye ukungu kuelekea nguzo, na magari ya wageni yakapiga honi zote, kama ilivyo desturi goli likiingia. Yalikosea, mpira ulikuwa bado unadunda. Lakini wetu waliinamisha vichwa, na Hollis akainua mikono. Leith peke yake aliendelea kukimbia, polepole, kama mtu anayekimbia ndotoni. Akajitupa, akaugusa kwa ngumi kabla haujavuka mstari. Kwa kuwa uliguswa, badala ya pointi sita za goli wakapata moja tu, nasi tukashinda kwa moja.

Katika chumba cha kubadilishia nguo wenzake wakammwagia bia kichwani. Kocha Pellew akamuuliza, “We mzee, ulijuaje si goli? Honi zote zile!”

“Honi gani?” Leith akasema.

Walicheka hadi kukaa chini. Maeve hakucheka.

Daktari anasema sikio la kushoto limekufa kwa mapigo ya miaka, la kulia linafuata, na pigo jingine la kichwa laweza kuchukua zaidi ya sikio.

“Hata fainali moja tu?” Leith aliuliza, akiitazama midomo ya daktari.

“Hata moja.”

Wakati wa kurudi Leith ndiye aliyeendesha, mpaka tukafika darajani. Hapo akaweka kiganja juu ya usukani, akabonyeza honi, akashikilia. Ng'ombe wa jirani waligeuka.

“Naihisi kifuani,” akasema. “Hiyo inatosha.”

Msalimie mumeo Torquil, na unibusie watoto wa binamu Elspeth. Mungu akupe usingizi mtamu na mgongo usiouma.

Fainali ni Jumamosi tarehe 21, saa nane na nusu mchana. Nitaegesha gari nyuma ya goli la kaskazini. Kila tukifunga, honi atapiga Leith.

Binti wa kaka yako, mwenye kukupenda hata kwa mbali,
Nerida