Shahidi wa Addey

Garissa, Alhamisi, 1966

Bado nina hasira.

Wiki mbili Baba amekuwa akienda kambi ya jeshi kuomba arudishiwe ngamia wake sita, waliochukuliwa malishoni na askari waliodai kuwa ngamia hao ni wa mashifta, waasi wa huku kwetu. Leo nilifuatana naye nimtafsirie. Alionyesha chapa ya ukoo wetu shingoni mwao. Ofisa akacheka.

"Mzee, chapa mtu yeyote anaweza kuchoma. Leta shahidi."

Baba hakubishana. Alirudi nyumbani akamleta ndama wa Addey, ngamia jike mmoja kati ya wale sita; ndama huyo tunamnywesha maziwa ya mbuzi tangu mama yake achukuliwe. Ndama alipolia tu, Addey alipasua ua wa miiba akaja mbio, maziwa yakimdondoka.

"Haya, huyu ni wako," ofisa akasema.

"Na wale watano?" nikauliza.

"Wana ndama?"

Hawana.

"Mshukuru," Baba akaniambia kwa Kisomali.

"Aabo, kwa lipi?"

"Mshukuru, turudi na huyu kabla hajabadili nia."

Nikamshukuru. Mungu anisamehe, sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.