Watoto Waseme Wenyewe

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Vipindi sita leo. Chaki zimekwisha, tunagawana vipande. Darasa langu la Sita B limejaa mpaka sakafuni, wa mbele wanakalia karatasi za mifuko ya saruji. Koo linauma.

Mkuu wa shule amekubali. Sikutegemea. Nilimwomba kwamba kwenye kikao cha wazazi cha mwezi huu, kwa darasa langu tu, mtoto aketi mezani pamoja na mzazi na mimi, aeleze maendeleo yake kwa kinywa chake. Miaka yote mtoto anasimama nje, ndani tunamjadili kama mbuzi wa mnadani, akifika nyumbani anachapwa. Hajui hata tulisema nini. Mkuu alicheka. "Jaribu, Mwalimu Nuru. Watakuaibisha hao."

Alimaanisha watakaa kimya.

Jumatano, 4 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Balaa tupu. Nimewaambia kila mmoja atasema mambo matatu: ninaloliweza; linalonishinda na sababu yake; ninaloomba, nyumbani na shuleni. Wakatazama miguu yao. Mwisho mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani sie tunaruhusiwa?"

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyoamini.

Baada ya mapumziko nusu ya darasa haikuwepo. Jumatano ni Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Lugome, wa hisabati, ndiye anayewachukua. Bustani, anasema. Bustani yenyewe sijaiona ikiota hata mchicha. Lakini Lugome ana miaka mingi hapa, mimi mitatu. Sikuuliza.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemgombeza Mwanaidi Selemani mbele ya wenzake. Hati yake ilikuwa ya kuonyeshea wengine. Tangu tumerudi likizo inaporomoka, inatoka nje ya mstari, kurasa chafu. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimevimba, anakiinua anapoandika. Alisema alibanwa na mlango wa choo. Nikamwambia akandwe maji ya moto. Basi.

Baba yake ni Mzee Selemani, fundi cherehani wa Tandika. Zamani sare za shule hii alishona yeye. Sasa mitumba imemmaliza, anapunguza suruali na kubadili zipu. Wakubwa zake Mwanaidi wote waliishia njiani. Amebaki huyu.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo wamefunguka. Sijui kimetokea nini. Nassor, mtoto wa duka la pembeni, alicheza nafasi yake, mwenzake akacheza mama. "Ninaloliweza ni kusoma. Linalonishinda ni kusoma nyumbani. Sababu, mama, redio yako." Darasa zima likacheka, mimi pia. Nikawaambia: hivyo hivyo. Linalokushinda bila sababu ni malalamiko. Toeni sababu. Msiogope sababu.

Mwanaidi hakucheka. Alinitazama tu. Saa ya kutoka alikuja mezani. "Mwalimu, hata kama sababu ni ya mtu mkubwa?"

Nikamwambia kweli haina mkubwa.

Nilijipenda sana niliposema hivyo.

Jumatano, 18 Septemba

Mama mguu wake mbaya umezidi kuuma. Nimemkanda, nimepika, nimefua sketi ya kuvaa Jumamosi kwenye kikao. Naona furaha ambayo sijaiona tangu nianze kazi. Mama anasema nimekonda kwa watoto wa watu.

Jumamosi, 21 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Wazazi walikuja wengi kuliko siku zote. Tulipanga madawati manne manne, kila mzazi na mwanawe, mimi nazunguka. Ilianza vizuri mno. Mama Nassor alisikia habari ya redio yake akasema atazima, wallahi atazima, na akamfuta mtoto uso kwa ncha ya mtandio. Baba mmoja aliyefika amenuna aliondoka amemshika binti yake begani.

Mzee Selemani alikuja amevaa kanzu na koti, kofia imenyooshwa. Mwanaidi akaweka mikono yote miwili juu ya dawati. Akasema kama nilivyomfundisha, kwa mpangilio ule ule.

"Ninaloliweza ni kusoma, na jiografia. Linalonishinda ni hisabati na kuandika. Sababu ya hisabati, hatufundishwi. Jumatano tunapelekwa Mbagala kwenye kiwanja cha Mwalimu Lugome. Lori halifiki kwa ajili ya mchanga, kwa hiyo sie tunabeba matofali. Sababu ya kuandika, tofali liliniangukia kidole. Mwalimu Lugome alisema niseme mlango wa choo. Ninaloomba, baba, nipelekwe hospitali."

Hakulia. Hakupandisha sauti. Wazazi wa madawati ya jirani waligeuka mmoja baada ya mwingine.

Mzee Selemani aliuchukua ule mkono. Akaugeuza. Akajaribu kukikunja kidole, mtoto akauma mdomo.

"Mlango?" alisema. Hilo tu.

Kisha akasimama, akatoka kumtafuta Lugome. Hawakupigana. Mkuu aliwahi, akawaingiza ofisini, akafunga mlango. Wazazi walibaki wamesimama uani wakinong'ona. Mimi nilibaki na Mwanaidi darasani. Aliniuliza kama amesema vizuri.

Nikamwambia vizuri sana.

Nina hasira na Lugome. Na nafsi yangu nina hasira zaidi. Kile kidole nilikiona.

Jumatatu, 23 Septemba

Mstarini asubuhi Lugome alisimama mbele kama kawaida, fimbo kwapani. Baadaye alipita Sita B nikiwa Sita A. Sijui alisema nini. Najua tu kwamba Mkuu alipowaita ofisini wale wa Jumatano, mmoja mmoja, kila mmoja alisema hajawahi kufika Mbagala. Hajui Mbagala iko wapi. Mmoja ana kovu bichi kwenye goti, nalo alisema ni la mpira.

Amebaki Mwanaidi peke yake.

Mkuu aliniita mwisho. Alikuwa mpole, na huo upole ndio ulionitisha. Kamati ya shule itakaa Alhamisi. Mwanafunzi aliyemzulia mwalimu mbele ya wazazi anafukuzwa, na akifukuzwa hapa hakuna shule ya jirani itakayompokea, Mkuu atahakikisha. Darasa la saba hataliona. "Isipokuwa," akasema, "ikibainika maneno yale si yake. Mtoto wa darasa la sita hawezi kupanga vile. Mtu alimpangia."

Nikamwambia nilimfundisha kupanga. Sikumfundisha la kusema.

"Hiyo tofauti," alisema, "kamati haitaiona."

Mwenyekiti wa kamati ndiye mwenye lori la matofali. Nimeambiwa leo na mhudumu wa ofisi. Inaelekea shule nzima ilijua, ila mimi.

Au hata mimi nilijua. Bustani isiyo na mchicha.

Jumanne, 24 Septemba

Mwanaidi hakuja shule. Amepelekwa hospitali. Mfupa ulivunjika na umejiunga vibaya, wiki nyingi zimepita. Wakiuvunja upya labda. Labda wasiweze.

Alasiri Mzee Selemani alikuja nyumbani kwetu Mtoni. Nilidhani amekuja kupanga vita. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshamwambia Mama kwamba tutakwenda wilayani, tutakwenda kwa magazeti, sasa yamekuwa mengi, kila asubuhi linazaliwa jipya.

Alikaa kwenye kigoda, akamjulia hali Mama, akauliza mguu. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mie mwanangu namwamini. Nataka ujue hilo kwanza. Lakini kidole kimeshapotea. Nikishindana nao, atapotea na yeye mzima."

Nikasema kuna sheria.

"Ipo. Wewe ukienda nayo huko wilayani, mwanangu atakuwa amekaa wapi? Dukani kwangu? Duka lenyewe liko wapi?" Alitazama mikono yake. "Mkuu kaniambia kuna njia. Kasema ipo mikononi mwako. Sikuombi, binti yangu. Nakwambia tu kaniambia."

Ameondoka bila kunywa chai.

Mama alikuwa amesikia yote. Alisema, "Ukikubali watakuhamisha." Baadaye akasema, "Usipokubali utalala?"

Namchukia Mkuu. Amenichagulia mtu wa kunisihi ambaye siwezi kumkatalia.

Jumatano, 25 Septemba

Leo hawakupelekwa Mbagala. Wamefundishwa hisabati. Lugome alifundisha kwa bidii, sauti yake ilifika mpaka ofisini.

Sijala.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimefanya.

Kamati ilikaa darasani kwangu. Watu saba na Mkuu. Lugome kwenye kona, amevaa tai. Sikujua kwamba Mwanaidi atakuwepo. Walimsimamisha karibu na ubao, bandeji mkononi, baba yake nyuma yake.

Mwenyekiti akaniuliza kama ni kweli kuna mtu alimpangia mtoto maneno. Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa na chuki na Mwalimu Lugome kwa mambo ya kazi, nikamtumia mtoto. Maneno yote nilimkaririsha. Mtoto hana kosa, alimtii mwalimu wake.

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri. Yalitoka kwa mpangilio.

Mwanaidi alisema, "Siyo." Akasema tena, "Mwalimu, siyo." Baba yake akamweka mkono begani. Akanyamaza. Hakuangalia chini. Aliniangalia mimi mpaka walipomtoa.

Amesamehewa. Atabaki shuleni. Mimi nimeonywa, na barua ya uhamisho inafuata. Mwenyekiti alimpongeza Mzee Selemani kwa busara. Mzee alivaa kofia yake, akatoka.

Nje Lugome alinifuata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Nadhani alishukuru kwa dhati. Ana watoto wanne, akasema, wanalala chumba kimoja cha kupanga, mshahara hautoshi hata chokaa. Nilimwacha auachie mkono wangu mwenyewe. Nimeunawa mara ngapi sijui.

Najiambia nimemwokoa. Kweli nimemwokoa. Na mbele ya watu saba nimemfanya mwongo. Yote mawili.

Jumatatu, 30 Septemba

Barua imekuja. Kimbiji. Kuvuka kwa pantoni, kisha barabara ya mchanga, gari moja kwa siku, kama halijaharibika. Niripoti mwanzoni mwa wiki ijayo. Mama hawezi safari ile na mguu wake. Dada atakuja kukaa naye, kwa shingo upande.

Mkuu ametangaza mstarini kwamba vikao vya wazazi vitarudi utaratibu wa zamani. Wanafunzi watasubiri nje.

Mwanaidi amerudi darasani. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Madaktari wameamua kukiacha kidole. Anasema "Shikamoo mwalimu" kama wengine wote. Wenzake hawaketi naye. Wao ndio walikana, naye ndiye wanayemkwepa. Wanamwita Kasuku.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekabidhi rejista na ufunguo wa kabati. Walimu wenzangu walininunulia kanga. Wawili hawakuja. Mmoja wa waliokuja alininong'oneza jikoni mwa shule kwamba alijua habari za Mbagala tangu mwaka juzi. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua hunyesha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekwenda Tandika kuaga. Nilizunguka uchochoro mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Mzee Selemani alikuwa barazani, anapunguza suruali ya mtumba. Alisimamisha cherehani, akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye ndoo. Tuliongea habari za Kimbiji. Ana ndugu huko, mvuvi, atampelekea salamu ili nisikose samaki. Hakuitaja kamati. Nami sikuitaja. Akaniombea safari njema, kisha akamwita Mwanaidi alete maji, yeye akaingia ndani kutafuta uzi. Nadhani hakuwa na haja na uzi.

Mwanaidi alileta kikombe kwa mkono wa kushoto. Akasimama akisubiri ninywe, kama mtoto aliyelelewa.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache. "Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Najua, mwalimu."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

"Lakini watu walikuwa wamejaa mule darasani," alisema. "Mbona umeniambia mie peke yangu?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilikunywa maji yote. Yalikuwa ya mtungi, ya baridi. Nikamrudishia kikombe, akakipokea, akaenda kukiosha. Mzee Selemani hakuwa ametoka na uzi. Nilikaa kidogo, kisha nikaondoka.